Yusuf wa "Peponi": imani imemlea au imemfunga?

Tangu riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 itufikie kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, kuna swali ambalo msomaji aliyepitia chuo cha Kurani kwa maalim hawezi kulikwepa. Uislamu wa watu wa pwani umemfanyia nini Yusuf? Umemlea hadi akawa mtu, au ndio uliomfunga kamba?

Kwa ambaye hajaisoma: tuko Tanganyika ya Wajerumani, vita vya 1914 vikikaribia. Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo Kawa, mji uliochangamka reli ilipokuwa ikijengwa na ukapooza baadaye. Mara kwa mara hufikiwa na Ami Aziz, tajiri anayenukia manukato, ambaye akiondoka humwachia mtoto sarafu. Safari moja anaondoka na mtoto mwenyewe. Kumbe baba anadaiwa, na Yusuf ndiye rehani. Huko dukani pwani, Khalil, kijana mwingine aliyeletwa kwa deni, anampa somo la kwanza: yule si ami yako, mwite Seyyid.

Wanaoishtaki imani hawakosi ushahidi. Aziz si katili wa kupiga kelele. Ni mpole, mwenye adabu, asiyepandisha sauti, na heshima yote ya mji iko upande wake. Hapo ndipo penye ubaya, maana mtu wa namna hiyo hahojiwi. Khalil alishafutiwa deni pale Amina, binti aliyelelewa kwao kama dada yake, alipoozwa kwa Aziz, na bado haondoki. Anaona aibu, anaona wajibu. Mzee Hamdani, mtumwa anayetunza bustani ya nyumba ya Aziz, alipopewa uhuru na wenye nyumba aliukataa, akauliza nani aliwaambia kwamba uhuru wake ni wao kuugawa. Jibu zuri mno, nami kila nikilifikia husimama kidogo. Lakini mshitaki atasema: baada ya jibu hilo mzee alirudi kumwagilia maua ya watu wale wale.

Upande wa pili una kijiji cha mlimani, kwa Hamid Suleiman na mkewe Maimuna, ambako Aziz anamwacha Yusuf akiwa safarini kwenda bara, na mimi huona ndipo moyo wa kitabu ulipo. Inagundulika kwamba kijana huyu hajui kusoma Kurani. Wenyeji wake wanashtuka kama waliogundua ana maradhi. Yusuf anapelekwa chuoni, mtu mzima karibu, akae na watoto wadogo. Fedheha hiyo anaimeza, kisha anasoma kwa bidii. Tangu atolewe kwao, hilo ndilo jambo la kwanza analolipata ambalo si la Aziz, wala haliwezi kuandikwa katika daftari la madeni. Ukisema imani ni kamba tu, sehemu hii huwezi kuieleza.

Na Gurnah haibebi dini kwa woga. Kalasinga, fundi wa Kisingasinga, anatangaza kwamba ataifasiri Kurani kwa Kiswahili ili wenyeji wamsikie vizuri Mungu wao alivyo mkali. Hamid anashangaa: Kiarabu hukisomi, Kiswahili chenyewe cha kuungaunga! Atatumia ya Kiingereza, anasema. Tunacheka, ila historia nayo haikukaa mbali na mzaha huo: tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilikuwa kazi ya Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana Zanzibar.

Mimi nasimama wapi? Naona kesi yenyewe imefunguliwa dhidi ya mshitakiwa asiyehusika. Kitabu hicho anachofundishwa Yusuf kinasema mdaiwa akiwa na dhiki asubiriwe mpaka apate; ni Al-Baqara, aya ya 280. Surat al-Balad, iliyomo katika Juzuu Amma ambamo watoto wa chuoni huanzia, inataja kumkomboa mtumwa kuwa ndiyo njia ya mlimani. Na rehani, katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, ni mali. Mtu huru hawekwi rehani. Hayo Gurnah hayataji, lakini wazee wa riwaya yake wasingeweza kutoyajua. Walimsikiliza Yusuf akikosea herufi wakamsahihisha. Hakuna aliyemuuliza yuko pale kwa haki gani. Imani ilimfikia kijana kupitia watu walioisoma vizuri na kukaa kimya.

Wala asije mtu akadhani Mjerumani alileta dawa. Serikali yake haikupiga marufuku utumwa Tanganyika. Amri yake ya 1904 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa baada ya 1905, waliobaki wakaendelea kuwa watumwa. Sheria ya kuufuta ilikuja 1922, chini ya Mwingereza.

Ndiyo maana mwisho wa riwaya unauma. Gurnah anaifuata Surat Yusuf hatua kwa hatua: kijana mzuri wa sura, mke mkubwa wa bwana anamtamani, kanzu inachanwa kwa nyuma, ushahidi kwamba alikuwa akikimbia. Lakini Nabii Yusuf alitoka gerezani kwenda kushika maghala ya Misri, na wazazi wake wakamfuata. Huyu wetu anaufuata mbio msafara wa askari wa Kijerumani. Wapo wanaosema hapo ameiacha dini. Mimi sioni anapoikana; anachokimbia ni nyumba ya Aziz. Ni uamuzi wake wa kwanza wa kiutu uzima, na ni mbaya, kwa kuwa wazee hawakumwachia mwingine wa kuchagua.

Ila upande wa mashtaka una hoja moja ambayo sina jibu lake, nayo ni Amina. Yeye pia aliletwa kwa deni, na aliozwa kwa nikaha halali, mbele ya watu wanaosali. Anasema kama jahanamu iko duniani, basi iko humo ndani. Yusuf angalau alipewa chuo, safari na mlango wa kutokea. Kwa Amina, dini ilifika kama mkataba uliomfungia ndani, na hapo siwezi kusema kosa ni la ukimya wa wazee tu, maana safari hii walisema, na walichokisema ndicho kilichomfunga.