Ngwe Zao Turathi, Zetu Upuuzi

Jumamosi iliyopita tulikaa kikao cha ukoo huko Nyeri kuzungumzia shamba la marehemu nyanya. Viti vya plastiki, chai ndani ya thamosi, na faili ya kijani ambayo baba mdogo aliikumbatia kama Biblia. Shangazi mmoja akauliza kwa upole kwa nini shamba lisiachwe la wote, kila nyumba ilime ngwe yake na kule mtoni pasiwe pa mtu. Baba mdogo akacheka. "Mnataka turudi gizani? Mzungu aliendelea kwa sababu alikata mipaka. Kila mtu na bikoni zake, kila mtu na hati yake. Hii ya vipande vipande ndiyo ilitumaliza."

Nilinyamaza, kwa sababu baba mdogo ni baba mdogo. Hapa si kikaoni.

Novemba mwaka juzi nilikuwa Nottingham kwa binamu yangu anayefanya kazi ya kutunza wazee. Siku yake ya mapumziko akanipeleka Laxton, kijiji kilichoko kaskazini ya hapo, upande wa Ollerton. Nilitarajia kasri. Kasri lenyewe limebaki kilima cha nyasi. Tulichokuta ni trekta likivuta trela, na juu ya trela wanaume wenye gambuti na vigingi vya mbao miguuni mwao. Wakashuka, wakaanza kutembea kando ya ngano iliyochipua urefu wa kidole. Mmoja anafumba jicho moja kupima mstari, mwenzake anapigilia kigingi kwa nyundo, wa tatu anatikisa kichwa. Walikuwa wanaangalia kama kuna aliyelima akaingia njiani au akamega kwa jirani. Matope mpaka kifundoni. Nikajiona niko kwetu, ila baridi.

Binamu akaninong'oneza, "Hawa nao wanagombania mpaka?"

Ndiyo. Na wameanza kabla hatujapimwa hata bikoni moja.

Laxton ina mashamba makubwa matatu yasiyo na ua: West Field, Mill Field na South Field. Yamegawanywa ngwe, na kila mkulima ana ngwe zake hapa na pale katika yote matatu. Moja likiwa na ngano, la pili lina mazao ya kupandwa baridi ikiisha, la tatu linapumzika, na mwaka ukigeuka nayo yanazunguka. Hakuna seng'enge. Hata nyumba za wakulima haziko shambani, zimepangana kando ya barabara ya kijiji, ubavu ukiitazama njia. Kinacholinda ngwe ni baraza la wakulima wenyewe, wale wa kwenye trela. Wiki moja baada ya ukaguzi, mahakama yao inakaa. Inakaa baa. Sitanii: baa inaitwa Dovecote Inn, na aliyemega anapigwa faini. Msidhani ni maigizo ya watalii. Bunge la Uingereza lilipozinyang'anya mahakama za kale za aina hiyo mamlaka yao mwaka 1977, ya Laxton iliachiwa meno yake.

Na hapo ndipo nilitamani baba mdogo awe kando yangu. Wale watu hawana hati. Ni wapangaji, kama walivyokuwa wengi wa waliolima ngwe hizo karne na karne. Mwaka 1635 tajiri wa London aliyekuwa ameinunua Laxton, Sir William Courten, alimlipa mpimaji Mark Pierce achore kila ngwe, pamoja na daftari la nani analima ipi. (Courten huyo huyo ndiye aliyegharamia walowezi wa kwanza wa Kiingereza kutua Barbados mwaka 1627, kwa hiyo habari ya kutazama ardhi na kuihesabu aliijua.) Ramani ingalipo, Oxford, maktaba ya Bodleian, na ndani yake vijitu vidogo vinalima na kuvuna. Courten alikufa mwaka uliofuata. Baadaye Laxton ikawa ya ukoo wa Pierrepont, wale makabaila wenye cheo cha Earl Manvers. Mwaka 1952 Earl akauzia Wizara ya Kilimo. Mwaka 1981 ikahamia Crown Estate, shirika linalosimamia mali za ufalme, nao mwaka 2018 wakatangaza kwamba wanauza, na mwaka 2020 ikarudi milki ya Thoresby, kwa ukoo ule ule wa Manvers. Wenye ardhi wamepanda na kushuka kama abiria wa matatu, na wapangaji wamekabidhiwa kwa kila mwenye mali mpya pamoja na matope yao.

Sitaki kuwapamba. Kuwa mpangaji si raha. Benki haikujui. Sheria ya mwaka 1976 iliruhusu upangaji wa shamba urithiwe mara mbili ndani ya familia, halafu mwaka 1984 mlango huo ukafungwa kwa mikataba mipya, na tangu 1995 mkataba mpya ni wa miaka mnayokubaliana, ikiisha unafungasha. Kugeuza trekta kwenye ngwe nyembamba ni kuchoma dizeli. Haya, nimekubali.

Lakini rudini kwenye huo mwaka, 1952. Serikali ya Uingereza inachukua Laxton na kilimo chake cha ngwe kinaendelea chini ya ulinzi wake. Oktoba ya mwaka huo huo, gavana wa serikali hiyo hiyo, Evelyn Baring, anatangaza hali ya hatari Kenya. Na mwaka 1954, ofisa wa kilimo Roger Swynnerton anatoa mpango wake: vipande vya Waafrika vilivyotawanyika vikusanywe, kila mmoja apewe shamba moja, lipimwe, liandikishwe, apewe hati. Kwa nini? Kwa sababu vipande vilivyotawanyika ni kurudi nyuma. Serikali moja, miaka ile ile! Ngwe ya Nottinghamshire ni turathi, ngwe ya Nyeri ni ugonjwa.

Nyanya alikuwa na vipande vinne. Bondeni palikuwa nduma, miguu ndani ya maji mwaka mzima. Mgongoni mwa kilima viazi vitamu. Katikati mahindi na njahi, na cha nne kilikuwa mbali, kwa kaka zake, alikolima kwa ruhusa tu. Mvua ikikataa juu, bonde linalisha. Mto ukifurika, kilima kinalisha. Hakusomea uchumi, lakini alijua usiweke mayai yote chini ya kuku mmoja, na mkulima wa Laxton mwenye ngwe za udongo mzito na mwepesi anaijua hesabu hiyo hiyo. Walipomaliza "kumsaidia", alikuwa na kipande kimoja, mteremko mtupu. Bonde lilimwendea mtu aliyekuwa kwenye kamati ya kugawa ardhi. Babu hakuwa na la kusema kwa sababu alikuwa kizuizini, na nyanya mwenyewe alikuwa amefungiwa kijiji cha dharura chenye handaki na miba. Mpaka anazeeka alikuwa akisimama ukingoni jioni, anaonyesha kwa fimbo: "Nduma zangu zilikuwa pale."

Tena nyanya ana bahati, jina la nyumba yake liliandikwa. Ahoi, wale waliolima kwa ruhusa ya mbari, yaani ukoo wenye ardhi, wengine tangu enzi za baba zao, hawakuandikwa popote. Mpango wenyewe ulisema waziwazi kwamba wenye uwezo watapata ardhi zaidi na maskini watapungukiwa, kwamba litatokea tabaka lenye ardhi na tabaka lisilo nayo, na kwamba hiyo ni hatua ya kawaida ya nchi kukua. Hatua ya kawaida! Daftari la Laxton la 1635, lililoandikwa kwa faida ya tajiri, lilimtaja mpangaji kwa jina na ngwe yake. Letu la miaka ya hamsini lilimfuta muhoi kama chaki ubaoni.

Na hapa ndipo baba mdogo ana nusu ya ukweli, nami namwachia nusu hiyo kwa shingo upande. Ni kweli Waingereza walikata mipaka. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lao lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua mashamba na malisho ya wote, ekari milioni 6.8. Laxton ni mabaki tu. Ila baba mdogo anasimulia habari hiyo kama harusi, na kwa mtu aliyekuwa akichunga ng'ombe mmoja kwenye malisho ya wote ilikuwa matanga.

Basi, na kahawa pia. Mpango ule ule ndio uliowafungulia watu wetu kupanda kahawa kwa wingi, na miche ya nyanya kwenye ule mteremko ndiyo iliyolipa karo yangu. Nimeandika, mmesoma, sitairudia.

Shangazi hakujibiwa swali lake. Kabla ya maombi ya kufunga, baba mdogo alitangaza kwamba sorovea anakuja Jumanne, tuchange elfu tatu tatu. Shamba litakatwa mara saba, kwenda chini, kama mkate. Kipande cha mwisho, cha saba, kinaishia mita chache kabla ya mto.