Tyndale na Biblia ya Kiingereza: maaskofu walikua na hoja, ila haiwatoshi

Stori ya William Tyndale, Mwingereza wa karne ya 16 aliyetafsiri Biblia kwa Kiingereza, huwa inasimuliwa kirahisi mno, yaani Kanisa Katoliki lilificha Biblia afu yeye akaja kuwafungulia watu. Mi ni Mprotestanti na namheshimu sana huyu mtu, ila tuwatendee haki na waliompinga.

Thomas More, mwanasheria Mkatoliki wa Uingereza aliyewatetea maaskofu, alivyomjibu mwaka 1529 hakusema Biblia isitafsiriwe kabisa, alisema itafsiriwe ila maaskofu waipitishe, ugomvi wake ulikua ni mafundisho ya Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha Uprotestanti, kupenyezwa humo ndani. Na kweli, zile kurasa za Agano Jipya la Tyndale zilizoanza kuchapwa Cologne, Ujerumani, 1525 kabla kazi haijasimamishwa, sehemu kubwa ya utangulizi na maelezo ya pembeni imetoka kwa Luther. Mwaka huohuo wakulima wa Ujerumani walikua wameasi na damu imemwagika nyingi, na wengi waliyalaumu mafundisho ya Luther, sasa askofu wa Uingereza asingeogopa vipi?

Ila hapa ndo nawaacha. Tangu 1409 Askofu Mkuu Arundel wa Canterbury, Uingereza, alikataza mtu yeyote kutafsiri maandiko bila kibali, haya, kwa miaka zaidi ya 100 ni Biblia gani ya Kiingereza ilipewa kibali ikachapwa? Hakuna hata moja. Wajerumani walikua na Biblia ya kuchapwa kwa lugha yao tangu 1466, Waitaliano 1471, na wote hao walikua Wakatoliki bado. Tyndale mwenyewe alianza kwa kufuata utaratibu, 1523 alimwendea askofu Tunstall wa London amsaidie, ampe nafasi nyumbani kwake atafsiri, akajibiwa nyumba imejaa. Akaondoka nchini, na 1526 Agano Jipya likatoka zima huko Worms, Ujerumani, kitabu kidogo cha kushika mkononi, na hili ndo linaniuma, hicho hakikua na maelezo ya pembeni, ni maandiko na maneno machache ya mwisho, likaingizwa Uingereza limefichwa kwenye marobota ya vitambaa na Tunstall akalichoma vilevile. Kwahiyo shida haikua maelezo ya Luther peke yake.

Tyndale akanyongwa na kuchomwa Vilvoorde, mji ulioko Ubelgiji ya leo, 1536. Miaka 3 tu baadae Biblia Kubwa (Great Bible) ya Kiingereza, iliyobeba sehemu kubwa ya kazi yake, ikawekwa makanisani kwa amri ya mfalme, afu 1543 serikali hiyohiyo iliyokwisha achana na Roma ikapitisha sheria kwamba wanawake wa kawaida, mafundi, wanagenzi na vibarua wasisome Biblia ya Kiingereza.