Mgongo wazi wa Kamas: fremu ya mashine ya kuchimba sarafu si chuma tu

Jumamosi asubuhi kijana wa jirani alinigongea mlango amekumbatia boksi. "Anti, habari ya asubuhi. Naomba uniangalizie hii kitu. Ilianza kunuka usiku, nikaizima." Ndani mlikuwa na kadi tatu za grafiki za kompyuta anazochimbia sarafu za kidijitali, fremu ya bati jembamba iliyobonyea katikati, na kiunganishi kimoja cha umeme cha SATA ambacho plastiki yake ilikuwa imeyeyuka na kugandamana na raiza, kile kibao chenye waya kinachounganisha kadi na kompyuta. Nilijaribu kukivuta kwa vidole, kikagoma. Ikabidi nikikate kwa koleo. Chumba kizima kilinuka hadi saa sita mchana.

Nilipomuuliza fremu ameitoa wapi, akaniambia aliinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, shilingi 9,500, ya kadi sita. Alikuwa amemuuliza muuzaji vipimo vyake kabla ya kulipa. Jibu alilopewa ni hili: "Fremu ni chuma tu, bro. Weka akili kwa kadi."

Naandika kwa sababu ya sentensi hiyo. Imenikaa kifuani wiki nzima.

Tazameni kilichotokea. Bati lile halikuwa na tundu hata moja la kufungia raiza, kwa hiyo raiza zilikuwa zinaning'inia chini ya kadi. Mwamba wa mbele ulikuwa laini, ukainama kwa uzito. Kadi ya katikati ikalala ikaegemea mwenzake, feni zake zikawa zinavuta hewa iliyotoka kupashwa na kadi ya pili. Ilivyokuwa inalala, ilikuwa inavuta na waya wa raiza, kiunganishi kikatoka nusu. Pini zikawa zinagusana kwa shida, na pini zinazogusana kwa shida huku umeme mwingi unapita hupata moto. Kijana alikuwa amelala mita mbili kutoka hapo. Mdogo wake pia. Halafu mtu anasema fremu ni chuma tu!

Kadi ndiyo inayochimba, sawa. Lakini fremu ndiyo inayoamua kadi itapumua vipi, raiza itakaa wapi, nyaya zitapita wapi, na umeme ukivuja utakwenda ardhini au utakwenda kwenye mkono wako. Ningekuwa na uwezo ningewaambia vijana wote wanaokusanya kadi za mitumba: anza na fremu. Na usiagize. Tuna mafundi wa Kamas, hapa hapa Kisumu.

Jumatatu nilimchukua kijana tukaenda kwa fundi wa madirisha ya alumini. Nilimwambia abebe vitu vitatu: kadi yake ndefu kuliko zote, ubao mama (motherboard), na tepu. Fundi alipoona picha ya fremu kwenye simu akacheka, akasema, "Kumbe ni mgongo wazi!" Aliyewahi kula samaki mtaa wa Obunga hahitaji kuelezwa. Samaki wa mbuta minofu yake imekwenda kiwandani, kimebaki kichwa, uti na mkia. Na kweli inafanana: mwamba mmoja mrefu, kadi zimepangwa juu yake kama miiba, kila kitu kinaonekana. Tangu siku hiyo sina jina jingine la kifaa hicho.

Tukaanza kupima. Kadi zake zina unene wa sentimita 4. Sita, fremu ikijaa, ni 24. Kati ya kadi na kadi nilitaka sentimita 5 za hewa, nafasi tano, jumla 25. Hiyo ni 49 kabla hujaweka miguu. Nikamwambia fundi akate miamba ya 60. Akapiga hesabu yake kwa chaki ukutani.

"Madam, ukikubali hamsini, pau moja ya mita sita inatosha kila kitu. Sitini itabidi nifungue nyingine."

"Ongeza. Hiyo hewa ndiyo ninayoinunua."

Hakubishana. Aliokota vipande vilivyobaki kwenye dirisha la mteja mwingine, akavipima, vikatosha. Muuzaji wa mtandaoni hawezi kukufanyia hilo. Fremu yake imekatwa kwa ajili ya kadi ambayo hajaiona, itakayokaa katika chumba ambacho hajakiona. Fundi wa Kamas anaishika kadi yako mkononi, anaigeuza, anauliza hapa ndipo inapopumulia? Akishajua, anakata.

Urefu tukaweka 60, upana 35 kwa sababu kadi ndefu ilikuwa na sentimita 29, kimo 40. Pau za pembe, upana wa milimita 25. Miguu na miamba ya chini akaipiga riveti, isicheze tena. Lakini mwamba unaobeba vichwa vya kadi nilikataa riveti. Huo nilitaka bolti na nati, na tundu lake liwe refu kwenda juu, sentimita 5, ili uweze kuupandisha na kuushusha. Kadi hazilingani kimo. Leo una hizi, mwakani utaokota nyingine, na hutaki kutoboa fremu upya wakati ubao mama umeshafungwa juu yake.

Hapo kuna jambo moja ambalo naomba mlishike. Fundi alipotoboa, drili ilitoa vinyuzi vyeupe vilivyojikunja, vyembamba kama nywele, vikakaa kwenye kona za pau. Akavipuliza kwa mdomo, akaniambia tayari. Nikainamisha pau kwenye mwanga: vingine bado vimekwama ndani ya tundu. Ingekuwa chuma cha kawaida ungepitisha sumaku ukamaliza. Alumini haivutwi na sumaku. Kinyuzi kimoja cha milimita tano kikidondoka kati ya pini mbili za ubao mama, umepoteza ubao, pengine na kadi. Kwa hiyo tuliomba tupa, tukalainisha kila tundu, tukaosha fremu nzima kwa sabuni na brashi ya viatu, tukaianika juani. Fundi alituangalia kwa mshangao, kisha akachukua brashi ya pili akatusaidia. Ubao mama ulikaa ndani ya mfuko wake hadi fremu ilipokauka kabisa.

Ubao wenyewe usiulaze juu ya alumini. Uinue kwa vinguzo vya shaba. Usinunue, fungua kasha lolote la kompyuta iliyokufa utavipata, na kitufe cha kuwashia utakipata humo humo.

Kuhusu arthi, waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, sitaki mzaha. Fremu ya chuma au ya alumini iliyo wazi, inayoguswa na kila anayepita, lazima iunganishwe na arthi. Kasha la pawa saplai tayari limeungwa na arthi kupitia plagi ya pini tatu, kwa hiyo lifunge kwenye fremu kwa skrubu mahali ambapo rangi imekwanguliwa hadi chuma kinang'aa. Kama rangi imebaki katikati, hujaunganisha kitu. Kisha chukua mita ya fundi umeme, ile inayolia njia ikiwa imeungana, ncha moja kwenye fremu, ncha nyingine kwenye pini ndefu ya plagi, plagi ikiwa nje ya soketi. Ikilia, sawa. Isipolia, usiwashe. Na hakikisha soketi ya nyumba yenyewe ina arthi, maana vyumba vingi vya kupanga Manyatta na Nyalenda vina tundu la arthi lisilo na waya nyuma yake.

Mbao? Nakubali, shingo upande, kwamba fremu ya mbao ya saipresi inafanya kazi, ni rahisi, na haipitishi umeme. Nimewahi kuwa nayo. Lakini kiunganishi kile kilichoyeyuka Jumamosi kingeyeyukia juu ya mbao, leo ningeandika habari nyingine.

Na ndiyo, SATA. Waya za SATA zilitengenezwa kwa ajili ya diski. Kiunganishi chake kina pini tatu za volti 12, kila moja kwa ampea 1.5, jumla wati 54. Kadi inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75 kupitia sloti yake, na hapa sloti hiyo ni raiza. Hesabu hiyo haihitaji digrii. Nunua raiza zenye tundu la pini sita, uzilishe kwa waya wa pini sita unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, na vile viunganishi vya kugeuza SATA kuwa pini sita vinavyokuja bure ndani ya paketi, tupa. Nimesema tupa, usiweke kabatini mtu mwingine akavikuta.

Baada ya hapo ni Kisumu yenyewe. Kadi sita za wati 130, pamoja na ubao na feni, ni kama wati 900, na zote zinaishia kuwa joto. Ni sawa na kuwasha pasi asubuhi ukaiacha hadi asubuhi nyingine, ndani ya chumba ambacho saa tisa alasiri mabati yake tayari yanawaka. Fremu wazi haipozi chochote kama chumba kimefungwa. Nimeona watu wamejenga mgongo wazi mzuri kisha wakauingiza ndani ya kabati la nguo. Hewa iingie chini, itoke juu, upande wa pili. Feni ya kawaida ya mezani ikisukuma nje kupitia dirisha inasaidia kuliko feni tatu zinazozungusha joto lile lile.

Dirisha likiwa wazi, vijidudu vya ziwani vinaingia. Wenzetu wa Dunga na Usoma wanajua vile vinavyopanda kutoka majini kama moshi. Vinafuata mwanga, na kadi zenye taa za rangi zinaviita usiku kucha. Vinafia ndani ya feni, vinachanganyika na vumbi, vinakuwa uji mweusi kwenye mapezi ya kupozea. Niliwahi kusafisha kadi moja kwa kijiti cha masikio na spiriti kwa saa mbili. Zima taa zote za kadi, na wavu wa mbu ufunge dirishani. Usiufunge kwenye fremu: wavu ulio karibu na feni unaziba ndani ya siku chache. Mlio Nakuru mna baridi ya kuwasaidia, ila vumbi la kiangazi lenu mnalijua wenyewe. Kakamega, jihadharini na unyevu.

Najua wapo watakaoniuliza kwa nini namsaidia kijana kuchimba hata kidogo. Swali lao lina uzito, sipendi lakini lina uzito. Sarafu ya Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na ndiyo sababu kadi za mitumba zilijaa sokoni. Bitcoin usiiguse kwa kadi, mashine maalum zilishaichukua miaka mingi. Zimebaki sarafu ndogo kama Ethereum Classic na Ravencoin. Wati 900 kwa saa 24 ni uniti 21.6. Ukihesabu shilingi 25 kwa uniti, hiyo ni 540 kwa siku, 16,200 kwa mwezi, kabla hujapata hata senti. Nilimwandikia kijana hesabu hiyo kwenye karatasi na kumwambia kwa tokeni za nyumbani hataweza, asijidanganye. Akaisoma kimya. Kisha akasema mjomba wake Ahero ana paneli za jua zinazosukuma maji ya mpunga, na siku nyingi mchana hazina kazi. Atachimba jua likiwepo, na usiku kadi mbili zitabaki kwa kazi ya kaka yake, anayechora nyumba za wateja kwa kompyuta na picha zake huchukua usiku mzima kukamilika. Sikuwa na la kupinga.

Hata kama kesho hakuna sarafu ya kuchimba, fremu ile inabeba kadi kwa kazi yoyote. Bati la 9,500 halikuweza kubeba kadi tatu kwa kazi moja.

Jumatano tuliifunga. Kadi tatu, kila moja imesimama wima, raiza zimekazwa kwa skrubu mbili mbili, nyaya zimefungwa kwa kamba za plastiki upande wa nyuma. Mita ililia. Tukawasha saa nane mchana, dirisha wazi, tukakaa kwenye viti tukiangalia namba. Kadi ile ya katikati, ambayo kwenye bati ilikuwa inafika nyuzi 84, ilipanda hadi 66 ikatulia hapo. Kijana akagusa mwamba wa juu kwa kiganja, akauacha mkono pale muda mrefu.

"Anti, haina hata joto."

Jioni alirudi Kamas kumwonyesha fundi picha. Hesabu ya chaki bado ilikuwa ukutani, na fundi ameipigia mstari chini yake ili mtu asiifute. Atakayeenda, abebe kadi yake.