Namba ya Kwenye Chupa ya Losheni ya Jua Ilipimwa kwenye Ngozi ya Nani?

Anayenunua losheni ya kujikinga na jua katika duka la dawa la Dar es Salaam au Nairobi hukuta kwenye chupa herufi SPF, yaani kipimo cha kinga dhidi ya kuungua na jua, na namba, mara nyingi 30 au 50. Namba hiyo imezua mabishano marefu. Wapo wanaosema kwamba kila mtu, awe mweusi tii au maji ya kunde, anapaswa kujipaka kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Wapo pia wanaosema kwamba Mungu amekwisha kutupa kinga ya kutosha katika weusi wetu, na kwamba yote hayo ni biashara ya watu wa nchi za baridi. Kila upande una ushahidi wa kweli mkononi, lakini kabla ya kuupima ni lazima tuangalie jinsi namba yenyewe inavyopatikana, kwa sababu hapo ndipo pande zote mbili hupita haraka mno.

Upimaji hufanyika mgongoni mwa watu waliojitolea. Mpimaji huchora vipande vidogo vya ngozi, vingine akavipaka losheni kwa kipimo cha miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, vingine akaviacha vitupu. Kisha huvimulika kwa taa maalumu inayoiga jua, kwa dozi zinazopanda hatua kwa hatua, na siku inayofuata hurudi kutazama ni dozi ipi ya chini kabisa iliyoacha wekundu. Ikiwa ngozi iliyopakwa imehitaji mwanga mara 30 zaidi ya ngozi tupu ili iwe nyekundu, losheni hiyo hupewa namba 30. Kwa hesabu ya mionzi inayounguza, namba 15 huzuia takriban asilimia 93, namba 30 asilimia 97, na namba 50 asilimia 98. Pengo kati ya 30 na 50 ni dogo kuliko bei inavyodai.

Kipimo chote, basi, kinategemea wekundu unaoonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa za upimaji huu huchagua watu wenye ngozi nyeupe au ya wastani, wale wanaobabuka upesi. Sababu yao ya kiufundi inaeleweka: wekundu kwenye ngozi nyeusi ni mgumu kuuona, na kungojea utokee kungemlazimu mtu akae muda mrefu mno chini ya taa. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba mtu wa Tanga au Kisumu hununua namba iliyopimwa kwenye mgongo usiofanana na wake, dhidi ya dhara ambalo yeye hulipata kwa nadra.

Hali ni hiyohiyo katika kipimo mashuhuri cha aina za ngozi, kile cha Thomas Fitzpatrick, daktari wa Harvard, cha mwaka 1975. Kilitungwa kumsaidia daktari kukadiria dozi ya tiba ya mwanga kwa wagonjwa weupe, kwa kuwauliza wanaungua kiasi gani na wanabadilika rangi kiasi gani wakikaa juani mwanzoni mwa kiangazi. Aina za ngozi ya kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Kwa mtu aliyezaliwa palipo na jua mwaka mzima, swali hilo halina pa kushika. Vipo vifaa vinavyosoma rangi ya ngozi kwa namba, bila kumtegemea mtu ajieleze, lakini hata katika mgawanyo unaotumika sana wa vipimo hivyo, ngozi yote iliyopita kiwango fulani cha weusi hutiwa kapu moja liitwalo "nyeusi", kana kwamba Mdinka wa Sudan Kusini na Mchaga wa Kilimanjaro wana rangi moja.

Sasa tuwasikilize wanaosema hatuhitaji. Hoja yao nzito ni melanini yenyewe, ile rangi ya asili inayoipa ngozi weusi wake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1979 ulipima mionzi inayopenya tabaka la nje la ngozi na kukuta kwamba tabaka la mtu mweusi lilikuwa na kinga ya wastani ya 13.4 dhidi ya mionzi inayounguza, na la mtu mweupe 3.4. Mwaka 2018 watafiti wa King's College London walikwenda ndani zaidi. Waliangalia uharibifu wa vinasaba katika seli, na wakaona kwamba katika ngozi nyeusi sana uharibifu huishia zaidi katika seli za juu, zile zinazokaribia kubanduka, huku seli za chini zinazozaa ngozi mpya, ambamo saratani huanzia, zikibaki zimekingwa kwa kiasi kikubwa. Kwangu huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote katika mjadala huu, kwa kuwa ulipima dhara lenyewe pahali linapotokea.

Ushahidi huo unakubaliana na yale ambayo madaktari wa ngozi wa Afrika huyaona. Kwa mtu mweusi asiye na ualbino, saratani ya ngozi mara nyingi huzuka kwenye kovu la moto, kwenye kidonda ndugu cha mguu, au, kama ni melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, chini ya unyayo na kwenye kucha. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, aliugua melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Hakuna losheni ambayo ingeizuia saratani ya namna hiyo. Anayemwambia mama wa Kiafrika ajipake SPF 50 ili asipate melanoma, bila kumwambia akague nyayo zake, amempa ushauri uliopimwa kwa watu wengine.

Lakini upande wa pili haujaishiwa hoja. Dhara la jua si saratani tu. Mwaka 2010 watafiti walimulika ngozi za watu kwa mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, wakakuta kwamba ngozi za kahawia na nyeusi zilipata weusi wa ziada uliodumu kwa muda, ilhali ngozi nyeupe hazikubadilika. Mwanamke mwenye mabaka ya uso baada ya ujauzito anaelewa mara moja maana ya tokeo hilo. Kwake tatizo ni doa linalorudi kila akitoka juani, na wengi hukimbilia mikorogo yenye zebaki au haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ili kuliondoa, wakajiletea madhara makubwa kuliko doa lenyewe. Tatizo ni kwamba SPF haisemi chochote kuhusu mwanga huo wa kawaida. Kinachosaidia ni losheni zenye oksaidi ya chuma, zile zilizotiwa rangi, na nyingi zilizoko madukani ni za rangi ya uso mweupe. Zile za zinki zisizo na rangi humwacha mtu mweusi na ukungu wa kijivu usoni, naye huziacha baada ya siku mbili. Watengenezaji hawapaswi kumlaumu kwa hilo.

Ipo pia hofu ya kemikali. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilichapisha mwaka 2019 jaribio dogo la watu 24 lililoonyesha kwamba viambato kadhaa vya losheni hupenya hadi kwenye damu kwa kiasi kinachodai uchunguzi zaidi. Jaribio hilo halikuonyesha kwamba viambato hivyo vinadhuru, na wanaolitaja kama uthibitisho wa sumu wanalisemesha lisichosema. Hata hivyo, mtu ambaye faida yake ni ndogo ana haki ya kudai uhakika mkubwa zaidi kabla ya kujipaka kila siku kwa miaka 40.

Mizani hubadilika kabisa tunapofika kwa watu wenye ualbino, na hapa sioni pande mbili. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kati ya watu 1,400 hivi, kiwango cha juu sana duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 kuhusu watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam ulionyesha ngozi zilizoharibiwa na jua tangu utotoni, na saratani zilizokwisha kukua kwa vijana wa miaka ya ishirini na thelathini. Kwamba losheni huzuia aina hiyo ya saratani si dhana tu: huko Nambour, Australia, watu wazima 1,621 walifuatiliwa kuanzia mwaka 1992, na waliopangiwa kujipaka kila siku walipata uvimbe wa saratani ya seli bapa, yaani seli za tabaka la nje la ngozi, pungufu kwa takriban asilimia 40.

Ndiyo maana naithamini kazi iliyoanzia Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ya kutengeneza losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino na kuigawa sambamba na elimu na uchunguzi wa ngozi. Nchini Kenya nako serikali hutoa losheni bure kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Hapa sayansi imeanza kwa mhitaji, kisha ikatafuta bidhaa inayomfaa.

Hata hivyo kipimo kile cha miligramu 2 kinatufuata hadi hapa. Jirani yangu mwenye ualbino huuza nyanya sokoni. Asubuhi hukamua losheni kiasi cha punje ya haragwe, akaipaka usoni na mikononi mpaka isionekane, na masikio huyasahau. Ili kufikia kiwango cha maabara, uso na shingo huhitaji zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai, na kila mkono kiasi kilekile, yaani jumla ya mililita 9 hivi. Akijipaka mara mbili kwa siku, chupa ya mililita 100 humwishia siku ya sita. Yeye huifikisha mwezi mzima, kwa hiyo kinga anayoipata ni ndogo sana kuliko namba anayoisoma. Tulipiga hesabu hiyo pamoja, tumekaa kwenye kreti zake. Akivaa shati la mikono mirefu na kofia pana, akaelekeza losheni kwenye uso, masikio, shingo na migongo ya viganja, chupa ileile humfikisha siku kumi na mbili kwa kipimo kamili. Wiki iliyofuata nilimkuta na kofia ya ukindu, na masikio yakimeremeta kwa losheni.