Testosteroni baada ya miaka 45: sindano kwanza au kitambi kwanza?

Korodani hazisitishi kazi kwa mkupuo kama ovari. Kuanzia miaka ya 30 na kuendelea, testosteroni, homoni ya kiume, hushuka polepole, takriban asilimia 1 kwa mwaka. Sehemu yake iliyo huru kwenye damu, ambayo ndiyo hasa mwili unaitumia, hushuka kwa kasi zaidi, kwa kuwa protini inayoishikilia homoni hiyo, SHBG, huongezeka kadiri umri unavyosonga. Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaosema huo ni uzee tu, mtu avumilie. Wapo pia wanaotaka kila aliyevuka 45 apimwe na achomwe sindano ya homoni hiyo.

Kwanza tuulize walio na upungufu wa kweli ni wangapi. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2010 uliwachunguza wanaume 3,369 wa miaka 40 hadi 79. Aliyehesabiwa kuwa na tatizo alipaswa kuwa na dalili tatu kwa pamoja: hamu ya tendo la ndoa imepungua, uume hausimami vizuri, na kusimama kwa alfajiri kumeadimika. Juu ya hayo, testosteroni yake iwe chini ya nanomoli 11 kwa lita na ile huru nayo iwe chini. Waliotimiza masharti yote walikuwa asilimia 2.1. Uchovu, hasira na kusahausahau peke yake havikutosha, na ni sawa, kwa sababu kisukari, upungufu wa damu, sonona na hitilafu ya tezi ya shingo huleta mambo hayohayo.

Kwa hiyo wanaosema "ni uzee tu" wana haki kwa walio wengi. Kwa hao wachache, uvumilivu ni kuwanyima tiba iliyopo.

Kosa linaloharibu mambo mapema ni la kipimo. Damu itolewe kabla ya saa 4 asubuhi, mtu akiwa hajala, maana testosteroni huwa juu asubuhi na chakula huishusha. Jibu likiwa chini, lirudiwe siku nyingine. Aliyetoka kuugua malaria au kulazwa asubiri apone kwanza, kwani ugonjwa wowote mkali huishusha kwa muda. Kisha atazame kizio kilichoandikwa kwenye karatasi ya maabara: nanogramu 3 kwa mililita, nanogramu 300 kwa desilita na nanomoli 10.4 kwa lita ni kiwango kilekile. Asiyelijua hilo anaweza kuona "3" na kuogopa bure. Kwa ujumla, chini ya nanomoli 8 ni upungufu na juu ya 12 si upungufu. Katikati pana ukungu, na hapo kupima SHBG kunasaidia sana, hasa kwa mwenye kitambi. Unene hushusha SHBG, hivyo jumla ya testosteroni huonekana ndogo hata kama iliyo huru inatosha.

Ikithibitika kuwa iko chini, vipimwe LH na FSH, yaani homoni za tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo zinazoziamuru korodani, na prolaktini, homoni ya maziwa. LH ikiwa juu, tatizo liko kwenye korodani. Ikiwa chini au ya kawaida, amri kutoka kwenye ubongo ndiyo dhaifu, na prolaktini iliyopanda sana inaweza kuwa dalili ya uvimbe kwenye tezi ya pituitari. Anayeanzishiwa sindano bila vipimo hivyo anaweza kufichiwa uvimbe huo kwa miaka. Daktari aulize pia kuhusu dawa za maumivu za jamii ya afyuni, prednisolone ya muda mrefu na pombe.

Sasa hoja za upande wa sindano. Hofu kubwa ya zamani ilikuwa moyo. Jaribio la TRAVERSE lililochapishwa mwaka 2023, la wanaume zaidi ya 5,200 wenye ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata, lilikuta mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo kwa asilimia 7.0 ya waliopaka jeli ya testosteroni na 7.3 ya waliopaka jeli isiyo na dawa. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaagiza maonyo ya moyo yaandikwe upya kufuatana na matokeo hayo. Huko Australia, wanaume wenye vitambi waliokuwa kwenye mpango wa lishe na mazoezi walichomwa testosteroni kwa miaka miwili. Walioishia na kisukari walikuwa asilimia 12, dhidi ya 21 kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa. Si matokeo ya kupuuza.

Lakini TRAVERSE hiyohiyo ilionyesha mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, donge la damu mapafuni na kuumia ghafla kwa figo vikiwa vingi zaidi kwa waliotumia dawa. Hata kuvunjika mifupa kuliongezeka, asilimia 3.5 dhidi ya 2.46, kinyume na matarajio ya karibu kila mtu. Huko Australia, zaidi ya mmoja kati ya watano waliochomwa walifikisha hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ya asilimia 54 au zaidi: damu nzito. Mkazi wa Eldoret au Mbeya azingatie hili zaidi, maana mwinuko peke yake huanza kupandisha chembe nyekundu. Wenye zaidi ya miaka 65 wakitibiwa, hamu hupanda kiasi, ila nguvu za mwili hubadilika kidogo mno kuliko matangazo yanavyoahidi.

Athari inayosahaulika kuliko zote ni uzazi. Testosteroni ya nje huifanya pituitari inyamaze, na korodani huacha kutengeneza mbegu ndani ya miezi michache. Kurejea kunaweza kuchukua miezi sita, mwaka, au zaidi. Mwanaume wa miaka 48 ambaye bado anataka mtoto asiiguse. Zipo njia nyingine, na mtaalamu wa homoni anazijua.

Upande wa wanaotaka kitambi kipunguzwe kwanza nao una ukweli wake. Mafuta ya tumboni hugeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Kupunguza asilimia 10 ya uzito kwa kawaida hurudisha nanomoli 2 au 3, na hizo zinatosha kumvusha aliye kwenye 9 au 10. Usingizi wa saa tano kwa wiki moja tu uliwashusha vijana wenye afya asilimia 10 hadi 15, basi anayekoroma na kukatika pumzi usiku atibiwe hilo kwanza. Dakika 150 za kutembea kwa kasi kila wiki, kunyanyua vitu vizito siku mbili, na protini ya gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili: dagaa, maharage na mayai vinafikisha bila unga wa kopo. Udhaifu wa hoja hii tuuseme wazi: wengi hupungua na kunenepa tena, na aliye chini ya nanomoli 8 hataokolewa na matembezi.

Vumbi la Kongo na unga mwingine wa kuongeza nguvu za kiume haviko upande wowote wa mjadala huu. Unga mwingi wa namna hiyo ukikamatwa na kupimwa hukutwa una sildenafil iliyofichwa, dawa inayofungua mishipa na isiyoongeza homoni hata kidogo. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati kwa maumivu ya kifua akiulamba, shinikizo lake linaweza kuporomoka hadi afe. Tena mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huziba mapema. Uume kulegea kwa mtu wa miaka 50 ni sababu ya kupima sukari, lehemu na shinikizo la damu kabla ya kuitafuta testosteroni.

Msimamo wetu: upungufu uliothibitika mara mbili pamoja na dalili za tendo la ndoa utibiwe, na aliye kwenye ukungu apewe miezi sita ya kushughulikia mwili wake kwanza. Sindano isianzwe kwa mwenye saratani ya tezi dume au ya matiti, hematokriti iliyozidi 48 hadi 50, au aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo ndani ya miezi sita. Miligramu 250 za aina ya muda mfupi mara moja kwa mwezi ni mpango mbaya: kiwango hupaa siku za kwanza, kisha wiki za mwisho mtu hurudi alikotoka. Undecanoate, aina ya muda mrefu, ya miligramu 1,000 hurudiwa wiki ya 6, halafu kila wiki 10 hadi 14, na damu hupimwa muda mfupi kabla ya sindano inayofuata.

Hematokriti na PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, vipimwe kabla ya kuanza, tena kati ya mwezi wa 3 na wa 12, kisha kila mwaka. Kwa mwanaume Mwafrika, mazungumzo kuhusu PSA yaanze akiwa na miaka 40. PSA ikipanda kwa zaidi ya nanogramu 1.4 kwa mililita ndani ya mwaka, aende kwa daktari wa mfumo wa mkojo. Hematokriti ikipita 54, dawa isimamishwe hadi ishuke. Na kama miezi sita imepita, kiwango kimepanda ila hamu iko palepale, dawa iachwe na chanzo kitafutwe kwingine.