Duara na Nukta Kaburini Nyeri

Nilipokuwa skauti shuleni tulifundishwa alama za njia. Mshale, fuata huku. Msalaba, usipite hapa. Ya mwisho ilikuwa duara lenye nukta katikati, yaani nimekwenda nyumbani. Juzi nimeiona alama hiyo imechongwa kwenye jiwe la kaburi, katika uwanja wa kanisa la St. Peter's mjini Nyeri, nikachuchumaa nikaifuata kwa kidole, duara lote, hadi kwenye nukta.

Ni kaburi la Robert Baden-Powell, mwanajeshi wa Uingereza aliyepata sifa kwa kuushikilia mji wa Mafeking, Afrika Kusini, siku 217 ulipozingirwa na Makaburu, kisha akaanzisha uskauti. Uzeeni alihamia Nyeri na mkewe Olave, wakaishi katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu, naye akafariki hapo tarehe 8 Januari 1941. Olave alifia Uingereza mwaka 1977. Majivu yake yakasafirishwa hadi hapa, akalazwa pamoja na mumewe. Nilisimama pale muda mrefu nikilifikiria hilo: mtu anavushwa bahari ili tu alale karibu na mwenzake.

Sitaki kaburi hili lipuuzwe hata siku moja. Nasema hivyo nikijua kuwa mwaka 1896, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Baden-Powell alimuua Chifu Uwini kwa kikosi cha bunduki, naye Uwini alikuwa mateka tena majeruhi. Sisi maskauti hatukuambiwa. Tulistahili kuambiwa, na walimu wanaoleta watoto hapa wawaambie. Lakini marehemu ni marehemu, apewe kaburi lake.

Ndiyo maana roho inaniuma nikimkumbuka Dedan Kimathi. Huyu, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopambana na wakoloni Waingereza, ni mwana wa Nyeri, mzaliwa wa Tetu, si mbali na kanisa hili. Mwezi Oktoba 1956 alipigwa risasi akakamatwa huku huku kwao, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wakoloni wakamfukia huko huko, bila jiwe wala jina. Mgeni aliyeiteua Nyeri kuwa mahali pa kupumzikia ana kaburi ambalo maskauti wa dunia nzima huja kulizuru, na mwenyeji aliyepigania ardhi ya Nyeri hajulikani alipo.

Tumempa barabara Nairobi. Tumempa sanamu, tumempa chuo kikuu. Mjane wake, Mukami, alichoomba miaka yote ni mifupa ya mumewe aizike. Serikali zilikuja zikaondoka, naye akaaga dunia Mei 2023 bila kuipata. Mama wa watu alizikwa peke yake.

Gereza la Kamiti liko palepale, chini ya serikali yetu wenyewe. Kumbukumbu za wakoloni zifunguliwe, hapa na London, na wataalamu wachimbe. Tusiambiwe kwamba miaka imepita mno, kwa kuwa vipimo vya vinasaba vipo na mifupa ya kale kuliko hiyo imetambuliwa kwingine. Kinachohitajika ni sampuli kutoka kwa mtoto wa damu yake. Mukami ameshaondoka. Watoto wa Kimathi bado wapo, nao wanazeeka.