Huku hawaulizi, nyumbani wanauliza

Mwaka wa 11 huu niko Leicester, Uingereza, nachora picha za abstrakti, yaani rangi na maumbo tu, na nikizionyesha watu wanasimama, wanatikisa kichwa taratibu, nzuri sana, halafu wanageukia meza ya divai. Mwingine akishasikia natoka Pemba anaanza kutafuta wanyama humo ndani, wallahi nimeshaulizwa twiga yuko wapi. Dada yangu nikimtumia kwa watsapu anajibu palepale, "hii nini sasa, umemwagikiwa na chai?" Mi nampendea hilo, angalau kaangalia.

Sikatai, huku napewa ukuta, taa, rangi za kila aina. Ila wanaosema abstrakti ni mambo ya wazungu wananichekesha, sisi tumelala juu yake tangu tuzaliwe. Bibi yetu alikuwa mtu wa mikeka, minyaa, yale majani ya kusukia, anaitia rangi kwenye sufuria bovu nyuma ya nyumba, ikikauka anasuka ukili halafu anaushona. Siku moja nikamkuta anafumua upande mzima, karibu pima mbili, kisa zambarau imekaa na nyekundu. "Hizi zinagombana." Basi. Darasa la rangi nililolipia ada huku halikuniongezea kitu juu ya hapo.

Aliyenifungua macho ni mzee Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan. Kazaliwa Omdurman 1930, babake ana chuo cha Kurani nyumbani, kwa hiyo kaanza na kalamu na ubao kama sisi tu. Akaenda kusoma Slade, chuo cha sanaa London, 1954, akarudi Khartoum na ujuzi wote ule, akafanya maonyesho, watu hawana habari naye. Angeweza kuwaita washamba. Badala yake akaacha kuchora kwa muda, akazunguka nchi kutazama watu wanavyopamba vyombo na nyumba zao, akarudia khati ya Kiarabu ya utotoni, zile herufi akazivunjavunja mpaka zikawa maumbo tu, huzisomi tena ila unajua zimetoka wapi. Na London ileile, 2013, jumba la sanaa la Tate Modern wakamfanyia maonyesho ya kazi zake za maisha.

Mi mwaka jana nilitundika mkeka wa bibi katikati ya picha zangu mbili, sikuandika kitu. Mzungu mmoja akaniuliza bei. Dada kuona picha akasema mbona umeupandisha juu huko, wageni watakaa wapi?